Kitabu cha Mja Asiyefaa Kutajwa

Bagamoyo, Jumatatu 4 Oktoba 1886, mwezi 5 Mfungo Nne. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Bibi Mize mpendwa, mtatuzi wa yaliyotushinda,

Baada ya salamu, nakuandikia kwa aibu, maana majibu yako husomwa kila wiki barazani kwa Bi Noorbanu na mimi ni mmoja wa wanaowacheka waliokuandikia, na leo zamu yangu imefika. Mimi ni mjane, mwaka wa kumi na moja huu nafundisha ukumbini kwangu ufundi wa kutunga barua na hotuba, yaani jinsi ya kuomba, kupongeza, kupoza na kukataa bila kuvunja udugu, na nilikusanya barua ishirini na nne za mfano nikazifanya kitabu, kila moja na tarehe yake katika daftari langu la kila siku, na mwishoni, kama adabu inavyotaka, sikutia jina langu bali niliandika, "Mtungaji ni mja dhaifu asiyefaa kutajwa." Basi mwanafunzi wangu Hamoudi, kijana mwenye hati nzuri na haya haba, alikinakili chote, na pale penye mja dhaifu akajitaja yeye.

Sasa Bwana Bahadurali, mumewe Noorbanu, anafungua darasa la uandishi nyuma ya duka lake, na wazee wamekubaliana kwamba atakayelifundisha ni aliyetunga kile kitabu, awe mwanamume awe mwanamke, nao watakata shauri Ijumaa baada ya sala. Juzi aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu Zeyana, hiki kitabu si chako?" nami ulimi ukanitangulia, nikasema, "Mimi nani, Bwana, wa kutunga kitabu? Vijineno vyangu ni vya jikoni," nikitazamia aniambie nisijishushe, kama watu wenye adabu wafanyavyo, naye akasema, "Ala! Basi, ahsante," akaenda zake. Jana akaja Hamoudi mwenyewe. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." "Mwalimu, wazee wanataka barua ya kunisifu, na mji mzima hakuna aijuaye kazi hiyo kama wewe." Nikaiandika, Bibi, nikaichana mara tatu, ya nne ikatoka nzuri hata mimi mwenyewe nikatamani kumpa darasa. Imo sandukuni, anaifuata Alhamisi. Nikimtaja nitaonekana mwenye kijicho na mwenye kujisifu, nikinyamaza darasa limekwenda. Jana nimelala saa nane usiku, daftari ni shahidi. Nifanyeje?

Zeyana

*

Bi Zeyana,

Pole. Na hongera pia, kwani nimeona wengi walioibiwa, ila wewe ni wa kwanza kumshikia mwizi taa, ukamfungia na mzigo.

Miaka yote hiyo unafundisha watu kusema wanachotaka, ukaulizwa swali la neno moja, ukashindwa. Jibu lilikuwa "Changu." Mtoto wa chuoni angelipata. Ulitaka Bahadurali akubembeleze? Yule ni muuza nguo, mama. Ukimwambia kanga imetoboka, hakuambii usijishushe. Anaiweka kando, anachukua nyingine.

Wewe ni mja dhaifu kwa Mola wako. Kwa Hamoudi wewe ni mwalimu. Usichanganye wawili hao.

Na kijana naye! Kunakili amenakili, kusoma sijui. Nakala yake imefika mpaka kwetu Unguja, ninayo hapa. Barua ya tisa ni ya mjane aliye edani, anamjibu shoga yake aliyemletea rambirambi, anaeleza jinsi mumewe alivyokata roho akiwa amemshika mkono, na kwamba zimebaki siku arubaini atoke ndani. Nililia nilipoisoma. Kisha nikatazama jina la mtungaji, nikacheka.

Sasa sikiliza. Ile barua ya sifa iwashie jiko leo. Alhamisi akija mpe uji, karatasi asipewe. Ijumaa nenda, uchukue daftari lako lenye tarehe. Usimwite mwizi, wala usijisifu, maana najua huwezi. Mwombe tu, kwa upole ule ule unaoufundisha, awasomee wazee barua ya tisa kwa sauti, yote. Akimaliza muulize, "Mwanangu, eda ulikaa mwaka gani?" Wakicheka, wewe usicheke. Bahadurali akirudia swali lake, jibu unalijua; ukishalisema, funga mdomo.

Jibu hili nimelileta kwako kwanza. Barazani litasomwa Jumamosi, kwa hiyo huna pa kujificha. Na Ijumaa hiyo uandike daftarini saa uliyolala. Nikisikia imepita saa tatu, nitajua umekesha ukimwandikia Hamoudi barua ya kumwomba radhi.

Bibi Mize