Swali nililomwandalia Kasongo

Kamina, Jumamosi usiku

Hata suti yake iliniudhi. Kasongo, niliyekaa naye benchi moja sekondari, sasa ni profesa wa fizikia Ulaya. Kazi yake ni kukokotoa jinsi mwanga unavyopita ndani ya vioo na madini. Leo alitoa hotuba katika ukumbi wa kanisa. Nilikwenda na swali la kumwaibisha: hesabu zako zimemwashia nani taa hapa Kamina?

Nilisimama. Kabla sijafungua mdomo, akaninyooshea kidole akicheka: "Muangalie huyu! Njo alikuwaka wa kwanza mu hesabu. Minyi nilikuwa naiba mu kaye yake!"

Kusikia kwamba profesa alikuwa akiiba majibu katika daftari langu, watu wakapiga makofi. Nikaketi. Afadhali angenitukana, matusi najua kuyajibu.

Njiani binti yangu Ngoie, anayesoma fizikia, akauliza: "Papa, sasa juu ya nini uliachaka hesabu?"

"Vita," nikasema.

Akaniamini. Lakini wakati ule vita vilikuwa bado havijaanza. Kasongo alinishinda mtihani mmoja, mmoja tu, nikachana madaftari yangu yote.

Mwezi huu Ngoie ameshika nafasi ya pili, na ameanza kusema labda aache. Kesho lazima nimwambie ukweli. Asije akausikia kwa Kasongo.