Bonareri Hajaja Darasani

Kebirigo,
Jumatano mchana.

Mama mpendwa,

Bwakire buya, Mama. Natumaini umeamka salama na kwamba lile goti limepata nafuu tangu mvua ipungue. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Kemunto ameota jino jipya na anaringa nalo kanisani utadhani amelinunua. Momanyi amemaliza kupogoa chai, sasa kazi yake ni kulalamika mgongo. Najua utashangaa kupata barua na simu tunazo. Nimekupigia tangu jana jioni na hushiki. Tena yapo maneno ambayo ukinitazama usoni hunikauka mdomoni, unajua nilivyo tangu utotoni.

Mama, naogopa. Ni juu ya Bonareri, yule mtoto wa darasa langu la Gredi ya Tano niliyekusimulia, anayekuja shule hata mvua ikinyesha ya mawe, viatu amevibeba ndani ya mfuko wa nailoni visishike matope. Kumpenda mtoto wa namna hiyo nilifunzwa na wewe. Tulipojifanya wagonjwa ulitupapasa paji la uso, ukasema hii si homa, huu ni uvivu, chukua mfuko uende. Kama si wewe nisingekuwa mwalimu leo.

Jumatatu Bonareri hakuja. Nikajiambia pengine ni mafua. Jana pia hakuja. Nilipouliza darasa yuko wapi, wasichana waliangaliana, wakacheka chinichini, wakainamia madawati. Ai! Kicheko hicho nakijua. Nasi tulikicheka tukiwa wa umri wao, mwenzetu alipopotea shule kisha akarudi akitembea polepole, akiambiwa sasa ni mkubwa. Nikajua wamempeleka kukeketwa. Mwaka juzi nilimpoteza mwanafunzi mwingine kwa njia hiyohiyo. Huyo alirudi darasani, lakini akaanza kukosa Ijumaa, halafu wiki nzima, maana kwao walimwambia amekuwa mwanamke na mwanamke hakai dawati moja na watoto. Siku hizi nikikutana naye sokoni ana mtoto mgongoni, na ananisalimia akitazama chini.

Basi jana masomo yalipoisha nilishika njia hadi kwao Bonareri. Baba yake, Mzee Ochoki, alinikaribisha vizuri mno, akanifutia kiti kwa kofia yake, akasema mtoto amemtembelea shangazi. Nilimuuliza ni shangazi gani huyo asiyeweza kungoja shule zifungwe. Akajibu kwamba shule ipo tu, haihami. Mke wake hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa anaanika wimbi uani, nafaka ya kulisha kijiji kizima, na hapakuwa na harusi wala matanga. Nilikaa, Mama, nikanywa chai yao kwa adabu, maana nilitaka mtu aropoke.

Aliyeropoka ni nyanya yake Bonareri. Alinisindikiza hadi barabarani, amenishika mkono, anafurahi kweli. Aliniambia nisiwe na wasiwasi kwa sababu mambo si kama zamani, hakuna tena wembe wa bibi kizee kwenye migomba. Bonareri yuko na wasichana wenzake kwa muuguzi, mtu wa glavu na sindano ya ganzi. Watatahiriwa Alhamisi alfajiri, na Jumapili nije nile nao. Kisha akanishukuru. Jameni, alinishukuru mimi! Alidhani najua kila kitu. Alisema Mungu akupe maisha marefu, na kwamba aliyemwacha mtoto wake kule Suneka, nyumbani kwa mama yake mwalimu, hana la kuogopa.

Mama yake mwalimu ni wewe, Mama. Niliketi kando ya barabara, watu wakinipita na kuniuliza kama ninaumwa. Wewe, muuguzi! Si ndiwe ulitusimulia habari za yule binti aliyeletwa wodini amezungushiwa blanketi, ukalia mezani mpaka chakula kikapoa? Ganzi haizuii damu, na hilo ulinifundisha wewe. Najua utaniambia kwamba watafanyiwa tu hata ukikataa, basi heri mikono safi. Mimi sitaki mikono safi. Nataka mtoto wangu wa darasa arudi akiwa mzima.

Nakupenda, na naogopa kuona pingu mikononi mwako kama ninavyoogopa damu ya Bonareri. Liko jambo jingine lililoninyima usingizi. Kila likizo unanibembeleza nikuletee huyu binti yangu Kemunto akae nawe, na kila mara nilifikiri ni upweke tu. Niambie ilikuwa upweke, Mama.

Asubuhi nilimweleza mwalimu mkuu, naye akampigia afisa wa watoto. Walipouliza ni nyumba ya nani, nilikunywa maji kwanza, halafu nikataja jina lako. Sasa gari la afisa limefika na wananingoja langoni. Nimewaomba wanipe nafasi nitangulie mimi, na barua hii nitaipitisha chini ya geti lako kwa mkono wangu, kwa sababu nikikuona nitaanza kulia na sitasema lolote.

Momanyi anakusalimu, hajui bado. Kemunto anakusalimu pia. Waambie hao wasichana wavae sare zao na wasiogope, mwalimu wao amekuja kuwachukua. Na wewe, ukimaliza kusoma mstari huu, inuka ufungue, Mama. Huyu anayegonga ni mimi.

Binti yako,
Mokeira