Maji Niliyoyashika Nisimwage

Doornfontein, Johannesburg
Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo mama. Goti lako vipi, limekubali kukunjika sasa ukiswali? Sisi wazima. Mjukuu wako Salma ana meno mawili, anang'ata kila kitu. Ila moyo wangu haujatulia, ndiyo nakuandikia.

Yule mzee wa Kizungu ninayemshonea viti, anayefufua magari ya mwanzo mwanzo yenye magurudumu membamba, ndiye peke yake aliyenikubali na mtoto mgongoni. Sasa anajaribu springi za chini ya gari. Anasema watu wa kale walibuni za kila namna, anataka kujua ipi ilikuwa bora. Tulianza na za chuma. Wiki jana ikawa zamu ya mifuko ya ngozi iliyojazwa upepo, nimeishona mimi mwenyewe, kaifunga nyuma. Kila jaribio nakaa kiti cha nyuma na sufuria ya maji mapajani, yeye anaendesha, kisha anapima yaliyobaki.

Kwa chuma nililowa hadi magoti. Kwa mifuko, mama, raha kama godoro la sufi. Lakini penye kona nyuma ikalala upande, gurudumu likaruka, nikajua tunapinduka. Mkono ukainua sufuria wenyewe. Si unajua ulivyotulea, maji ya kuchota mbali hayamwagwi! Yakabaki yote.

"Vipi huko nyuma?"

"Nzuri, Mzee."

Akapiga honi kama bwana harusi. Akasema Jumamosi atampakia mkewe, washuke mlima wa Observatory, wenye kona kali.

Siku tatu sikumwambia kitu. Nilipomweleza fundi mwenzangu Kabeya, Mkongo, akanicheka: "Mama Salma, ule muzee anapenda ile mifuko kupita bibi yake. Ukisema ni mubaya, utaenda kushonea wapi na mutoto?" Kisha akaacha kucheka. "Eish. Lakini bibi ndiye atakaa nyuma."

Leo asubuhi nikamwambia. "Mzee, maji niliyashika mimi. Ile kona ilitaka kutuua."

Akawa mwekundu. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Alitoa mto wa mkewe kwenye kiti cha nyuma, akaweka gunia la mchanga, akaondoka na gari peke yake. Aliporudi gunia halimo, umebaki mchanga uliomwagika kitini. Akapita ofisini bila kunitazama.

Sijui kama bado nina kazi, mama. Kesho nitamfunga Salma mgongoni niende, anifukuze mwenyewe kwa mdomo wake.

Baba Salma anakuamkia kutoka lindoni. Nisalimie shangazi Mwanahamisi aliyenipa cherehani ya kwanza, na kaka Bakari, asikuache uchote maji peke yako. Niombee.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi