Pigo Linalovuka Mstari

4 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kifua kimetulia. Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa kompyuta.

Rekodi aliyonitumia jirani yako fundi viatu kwa simu yake imefika. Mkuu wangu hapa kwenye uchapaji wa muziki amekubali niiandike ngoma yako kwa nota, kundi la vijana waipige jukwaani. Sasa sikia balaa lake. Programu tunayoandikia huugawa muziki kwa mistari ya wima, kama kuta za vyumba, na kila chumba kinaingia mapigo manne tu. Ukizidisha hata kidogo inakuwekea wekundu. Mkono wako wa kulia unakaa chumbani kwa adabu. Wa kushoto, lo, hauna adabu hata chembe. Pigo lake kubwa linakuja ukuta ukishapita, na kila mzunguko linazidi kuchelewa. Inabidi nota iliyotangulia niikate vipande viwili, kimoja huku na kimoja kule, kisha niviunge kwa upinde juu ya ukuta. Nikilisogeza pigo lianze mapema programu inanyamaza, lakini si wewe tena. Nimegoma kulinyoosha.

Ni makusudi, sivyo? Sikumbuki ukipiga hivi, ila nami nimeondoka siku nyingi. Onyesho likiisha nitakuja kukuona, kwa sasa kazi hainiachii.

Halafu, Mjomba, huo mwandiko! Barua yako ya mwisho ni kama kuku aliyekanyaga wino. Nunua miwani.

Mpwa wako

*

19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijambo, kikohozi hakiui mzee. Miwani ninayo, nimeikalia, ndiyo maana unaona miguu ya kuku.

Yaani mtoto niliyemfundisha kupiga makofi leo ananiuliza habari za mkono wa kushoto? Watu hawakuniita Mashoto kwa sababu nakulia kijiko upande huo. Andika ulivyosikia. Mpigaji akikomaa huacha haraka, pigo analiweka anapotaka. Kuta ni zako na hiyo mashine yako, mimi nimepigia uwanjani maisha yangu yote.

Kuhusu kuja, usijibane. Kazi kwanza. Nakula vizuri, na fundi viatu hanipi nafasi ya upweke, anaongea kuliko redio.

Mjomba wako,
Mashoto

*

30 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Huku salama, na leo nina la kujivunia.

Wameipiga. Mwanzoni vijana walinichukia. Mmoja aliniuliza kama niliandika nikiwa nimesinzia. Kiongozi wao akawa anawahesabisha kwa sauti, mkono wa kushoto umening'inia hewani mpaka ukuta upite, ndipo waushushe. Walikosea mpaka nikawaonea huruma. Sasa wanauzuia wote kwa pamoja, na siku ya onyesho ukumbi mzima ulikuwa kimya ukiusubiri. Watu walisimama, Mjomba. Nimemtumia fundi viatu rekodi akusikilizishe.

Nilisema onyesho likiisha nakuja. Nimepewa kazi nyingine, nyimbo za kwaya, zinataka kuchapwa upesi. Nivumilie mpaka mwisho wa mwaka. Najua na mwaka jana nilisema hivihivi.

Mpwa wako

*

27 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujanijibu, na sasa nadhani najua kwa nini.

Chini ya sanduku langu nimekuta kaseti yako ya zamani, ile ambayo Mama anasikika akicheka nyuma. Nikaileta ofisini niiingize kwenye kompyuta, nikutumie kama zawadi. Ndiyo ngoma hiihii. Nikaipanga juu ya ile mpya nizione pamoja. Kwenye kaseti pigo la kushoto linaangukia ukutani kabisa, mzunguko kwa mzunguko, halikosei. Nikadhani nimepanga vibaya. Nikapanga upya, likaangukia palepale.

Mjomba, mkono wako una nini?

Nimekaa na ugonjwa wako mezani tangu Machi. Nimeukuza kwenye skrini, nimeupima, nimeufungia upinde mmoja mmoja, nikauita ufundi. Nimewafundisha watu kuuiga, wakapigiwa makofi, na mimi nikainama kushukuru. Hata mwandiko nikaucheka. Wewe unaandika kwa mkono wa kushoto! Ulikuwa unahangaika na wa kulia, nami nikakwambia ununue miwani. Ningekuja hata siku moja ningekuona ukishika kikombe, ningejua. Nimekuja mara ngapi?

Faili iko wazi hapa mbele yangu. Sema neno, narekebisha leo.

Mpwa wako

*

9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo sitasema sijambo.

Ni kiharusi. Nilianguka bafuni, fundi viatu akanikuta, nikamwapisha asikwambie. Hapo ilikuwa bado hajanirekodi. Mguu umerudi, mkono umerudi nusu. Ulipoomba ngoma nilifurahi mno, nikasema nitajikaza, hutajua.

Basi usijilaumu peke yako. Uliniuliza waziwazi nikakudanganya. Niliona aibu, Mashoto asiye na kushoto ni nani? Sikufikiri watu wazima wangejipanga mstari kuniigiza.

Rekodi yako ilipofika niliizima kabla haijafika katikati. Wote wanaburuta mkono kama mimi. Nikahisi wananicheka, nikakununia, ndiyo maana sikuandika. Siku moja nikamwambia fundi viatu aiwashe tena. Nikavuta ngoma, nikapiga nao. Mkono ukachelewa, nao wakachelewa pamoja nami. Tangu nianguke sijapiga na mtu, maana nani atamsubiri mgonjwa? Nililia, sitakuficha tena. Fundi viatu akajifanya anatafuta sindano yake.

Unauliza urekebishe. Ukirekebisha, ngoma yangu mwenyewe itanipita, nitaisikiliza tu. Usiporekebisha, watoto wa watu watarithi kilema changu wakidhani ni ufundi, nami ukweli ninaujua. La kwanza linaniuma. La pili ni dhambi.

Rekebisha.

Mjomba wako

*

17 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hali yako siiulizi, nakuja kuiona.

Nimerekebisha kama ulivyosema. Vijana wote sasa wanapiga kama kwenye kaseti, kushoto kunaangukia ukutani. Niliwaeleza ukweli, samahani, nisingeweza kuwasimamia tena nikiwa nimenyamaza. Yule aliyesema nilisinzia aliinamisha kichwa.

Chini ya mistari yao kwenye nota nimeongeza ngoma moja. Hiyo sikuinyoosha, inavuka ukuta na kuchelewa vilevile ulivyoipiga wewe. Nikaichezesha kwenye kompyuta. Wenzake wanapiga, wananyamaza, na hapo ndipo pigo lake linaingia, linasikika lenyewe. Kiongozi wa kundi akauliza nimpe nani. Nikamwambia ina mwenyewe, na siku ambayo hayupo hakuna wa kuipiga, watasubiri nafasi yake ipite ndipo waendelee. Amekubali.

Hilo halinifutii kosa, najua. Jana niliomba likizo. Mkuu wangu hata hakuinua kichwa, alisema nenda, akaendelea na chai yake. Miaka yote nakuambia kazi hainiachii, kumbe sikuwahi kuomba.

Jumamosi nitafika. Usiinuke kunifungulia. Najua ufunguo unapowekwa, kama hujauhamisha.

Mpwa wako