Sijali Amesusa Chakula

Utange, Kisauni
3 Desemba 1944

Kwa mume wangu mpenzi, Baba Kache,

Salamu zangu zikufikie popote ulipolala leo, zikukute mzima wa mwili na moyo, na buti zako zimekauka. Sisi hapa hatujambo sote, Mungu ameturehemu. Baba yako yu mzima, kikohozi tu humshika alfajiri. Mama yako hajambo. Kache anakuamkia shikamoo. Meno ya mbele yamemtoka, amekuwa kibibi cha kucheka ovyo. Nami sijambo, ila nimekuwa mtu wa kulala macho wazi. Napika, nafua, napalilia, na nusu yangu iko mbali. Juzi nilitoka kisimani nikafika nyumbani na ndoo tupu, sijui maji niliyaacha wapi. Cheka tu, najua ungecheka.

Je, wewe u hali gani? Barua yako ya mwisho ilifika kabla ya masika, ile ya kusema kikosi chenu kinahamishwa huko vitani. Tangu hapo, kimya. Mimi nimekuandikia mara kwa mara, na padre kila akivuka kwenda mjini hunitilia posta. Huenda zimekufika, huenda zimelala kwenye gunia bandari fulani. Hii nayo naituma, nawe ukiipata isome mpaka mwisho, usiruke, maana kuna jambo.

Nianze na mbwa wako. Ulituachia mtoto wa mbwa wa kujaa kofia, Baba akagomba kwamba mwaka wa njaa kama huu mdomo wa mbwa ni wa kazi gani, nawe ukacheka ukamwita Sijali mbele ya macho yake. Basi Sijali amekua. Miguu imekuwa mirefu, masikio bado hajajua ayaweke wapi. Mwanzo alikuwa hachagui: maganda ya muhogo, machicha ya nazi, kipande cha sabuni, hata mshipi wa Kache aliumaliza. Nilikuwa nikisema huyu ni mtoto wa njaa mwenyewe.

Halafu, baada ya mahindi kuvunwa, akaanza kususa. Nikimwekea ugali anaunusa, ananitazama kama mgeni aliyekosewa heshima, kisha anakwenda zake kulala kizingitini. Nikatia mchuzi wa dagaa. Akaramba mchuzi, ugali akauacha mweupe. Nikamwambia wewe mtoto wa nani, wa Liwali? Nikamnyima siku nzima nikidhani njaa itamfunza adabu. Wapi! Jioni nikamletea muhogo wa kuchemsha, akaugeuzia mgongo. Nikamshuku Kache kwamba humpa chakula chake kisirisiri, nikamgombeza bure maskini, akalia. Hakuwa yeye.

Sasa, unamjua Boga mgema, jirani yetu, na unaujua mdomo wake. Siku moja alishuka mnazini akakiona chakula cha Sijali kimejaa nzi, akasikitika sana, akasema wazee wa zamani waliijua dalili hii: mbwa aliyelelewa na bwana wake tangu udogo, bwana akikata roho huko aliko, mbwa naye hususa. Mimi nilicheka. Lakini aliyasema tena penye tembo, watu wakashangaa, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kesho yake hadithi ilikuwa ya mbwa watatu, mmoja wao wa babu yake Boga. Kesho kutwa Boga alikuwa amewaona wote kwa macho yake. Wazee wakasema lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Huenda yangeishia hapo, ila wiki ile ile nyumba moja upande wa Mtwapa ililetewa karatasi ya serikali, kwamba kijana wao hayupo tena. Tangu siku hiyo hakucheka mtu. Baba akaota umesimama mlangoni umelowa, anakukaribisha ndani nawe hutaki. Asubuhi akatoa kigoda chake nje, akakaa akimtazama Sijali pale kizingitini mpaka jua likawa kali. Kisha akaniita. Alisema kwa upole, Baba Kache, sitaki umdhanie vibaya. Alisema mtoto asiyeliliwa hutangatanga, hapati pa kulala, na yeye hawezi kukuacha utangetange. Alitaka wazee wakutane Jumamosi waweke siku ya hanga, kilio chako bila maiti. Ninyolewe, nikae matangani, na yakiisha niwe mke wa Jefwa, mdogo wako.

Padre alikuja akasema serikali haijaleta karatasi, kwa hiyo wewe, Kazungu, u hai, na mke wa mtu aliye hai harithiwi. Baba alimjibu kwa adabu kwamba padre anasoma kitabu, yeye anasoma nyumba yake. Jefwa naye alikuja kutengeneza makuti ya jikoni bila kuitwa. Alifanya kazi akinipa mgongo, na alipomaliza akasema yeye hakuomba jambo hili, ila hajui amkatalie vipi baba yake. Nikamwambia nami sikuombwa. Simchukii Jefwa, wallahi, ni mtu mwema na ana mke mwema. Lakini mimi si jembe nirithiwe.

Siku zile nilikuwa kama niko chini ya maji. Watu wakisema nami nawaona midomo tu. Nikilala nakuona, nikiamka sijui kama nimeamka. Hadi asubuhi moja nilipomlaza Sijali nimtoe kupe. Mkono wangu ukapita mgongoni, ukapita ubavuni, ukakutana na kitambi. Kitambi, Baba Kache! Mbwa wa kilio gani huyu anayenenepa? Hapo ndipo usingizi uliponitoka.

Adhuhuri ilipofika akainuka kizingitini, akajinyoosha, akashika njia kama mtu mwenye miadi. Nikamfuata. Tulipita kwenye muhogo, tukapita mpakani kwa Boga, tukaingia kwenye mikanju kule chini karibu na mkono wa bahari. Jua lilikuwa limesimama, majani hayatikisiki, harufu ya kanju mbivu inalevya. Sikuusikia hata mguu wangu mwenyewe. Nikajisemea nikifika huko nitakukuta umekaa kivulini unavua buti.

Nilimkuta mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbele yake bakuli la kunawia na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Sijali akaketi kando yake, wote wawili wakatazama njia ya kutoka Kengeleni. Nikajificha nyuma ya mti. Mama akasema taratibu karibu mwanangu, chakula kinapoa. Akangoja. Njia ilikuwa tupu, joto tu linatetemeka juu ya mchanga. Alingoja mpaka kivuli kikahama mkekani, kisha akafunua kawa, akamsukumia Sijali sahani. Wali wa nazi na samaki! Sisi tunatafuna muhogo mkavu, na mbwa wako anakula wali wa harusi. Nikacheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, mama akageuka akaniona.

Hakukasirika. Alinipisha mkekani nikae. Alisema tangu ulipoondoka hajaweza kupika bila kukupakulia. Mkono wenyewe unapakua, alisema. Anasuka makuti, anauza, ananunua vibaba vya mchele, maana hukupenda muhogo tangu mdogo. Mwanzo alikuwa akiwapa watoto wapitao njiani. Kisha Sijali akagundua mahali, naye akamwachia, kwa kuwa ni mbwa wako. Nikamuuliza mbona amenyamaza na huku mbwa anatuletea msiba nyumbani. Akafunika uso kwa leso. Alisema wakisikia anamwekea chakula mtu asiyeonekana, mbali na nyumba, chini ya mti, watasema anamlisha koma, roho ya mfu. Watasema hata mama mtu anajua mwanawe ni wa kaburini, ila anaficha. Aliona akisema, amekuzika kwa mkono wake, na akinyamaza, mbwa anakuzika. Alinisihi nisiseme. Nikamwahidi. Lakini nikamwambia mama, kichwa kitakachonyolewa ni hiki.

Jana wazee walikutana uani kwetu. Sijali akaitwa, akawekewa ugali mbele ya wote, akaunusa, akaugeuzia mgongo. Boga akatikisa kichwa kwa huzuni, utadhani amefiwa yeye. Ulimi wangu uliniwasha, Baba Kache, niliuuma mpaka nikaonja damu. Nikamtazama mama. Mama akainuka akaingia jikoni. Nilidhani ameshindwa, amekwenda kulia.

Akatoka na sahani chini ya kawa. Aliivukisha katikati ya wazee, mwanamke asiyewahi kusema neno barazani pao, akaiweka mbele ya Baba. Akaeleza yote, wali, makuti, mikanju, mbwa. Mzee mmoja akanong'ona koma, naye akamgeukia. Alisema koma humwagiwa chini na mtu akaenda zake. Yeye hajamwaga kitu chini. Ameweka kwenye sahani, amefunika kisipoe, ameweka maji ya kunawa, na amekaa akingoja. Akawauliza ni maiti gani anayefunikiwa chakula kisipoe.

Kache akaja kumwegemea Baba goti. Kisha Baba akafunua kawa, akanawa, akatwaa tonge moja, akatafuna polepole. Akasema chumvi haikutosha, mama Kazungu, huyu hupenda chumvi. Basi mama akalia, na Baba naye akajifanya kikohozi kimemshika. Boga alinong'ona kwamba amekumbuka, yule mbwa wa babu yake alikuwa na jino bovu, nikamwambia ale ugali wa Sijali usiharibike.

Hanga limeahirishwa. Sahani yako sasa inawekwa nyumbani, mahali pako, sote tukiiona, na Sijali amerudishwa kwenye muhogo. Amenuna, lakini leo asubuhi ameula. Ila nisikufiche, Baba hakusema imekwisha. Amesema atangoja mpaka masika. Mvua ikinyesha bila neno lako, wazee watakaa tena, na safari hiyo mama hatakuwa na la kusema.

Nami nina langu ambalo hata mama hajui. Siku Baba aliponiita pale kigodani, niliamini. Nilikwenda kwenye muhogo nikalala kifudifudi, nikakulilia kilio chote cha mjane, nikakuaga kwa jina lako, nikakusamehe yote, hata uliyonikera kweli kweli. Nilikuzika, Kazungu, mchana kweupe, peke yangu. Ndiyo maana nilikuwa natembea kama mfu. Sasa nimekwisha kukulilia, na machozi yale yalikwenda bure. Mengine sina. Usithubutu kuniomba mengine.

Sitaki barua ndefu. Andika jina lako tu, kwa mkono wako, hata kwenye karatasi ya sigara, mpe yeyote ajaye huku. Jina tu. Mimi nitampelekea Baba.

Mama anakusalimu na kukuombea, Baba anakusalimu, Jefwa anakusalimu sana kuliko wote. Kache anauliza kama huko mliko kuna mbwa. Mungu akufunike kwa mkono wake.

Ni mimi mkeo, asiye mjane,
Nyevu