Magloire, Uliyeweka Majani Njia Panda

Mwaka umetimia, Baba Grâce, tangu walipokutoa msituni kwetu Wamaza juu ya kipoyi, machela ya miti mibichi, umefunikwa kitenge changu cha shambani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubeba shuka. Mimi Apolline, mke wako, ndiye ninayeandika kwa niaba ya nyumba yote. Watoto walitaka tangazo la misa yako, maneno machache ya kusomwa kanisani Jumapili kabla ya baraka ya mwisho. Nimejaribu, lakini machache yamenishinda.

Watu wa Kasongo wanamkumbuka Fundi Magloire wa pikipiki. Walikupenda na walikuogopa. Mtu akiuliza mara mbili kama kazi imekwisha, ulikuwa unamrudishia ufunguo na kumwambia asukume pikipiki yake mpaka Nyangwe, huko atapata mafundi wapole. Ulikula umesimama. Maharagwe yakiwa jikoni ulifunua sufuria kila mara, kama vile yanaiva kwa kutazamwa. Misa ikirefuka ulianza kukohoa ili padri akusikie, na mimi nilikuwa nakufinya paja pale kwenye benchi.

Ulikuwa na hasira, hukuwa na roho mbaya. Siku pikipiki ya yule muuguzi ilipomfia njia ya Lusangi, na chanjo za watoto zimo ndani ya sanduku, ulitoka hapo hapo na tairi begani. Ulimtukana muuguzi huyo kuanzia ulipomkuta mpaka ulipomaliza kumfungia gurudumu. Chanjo zilifika, na muuguzi alikuja kukulilia kwenye matanga kuliko baadhi ya ndugu zako.

Ulipofika miaka hamsini na saba, moshi na esanse, hiyo petroli ya pikipiki, vilikuwa vimekuharibu kifua. Daktari alisema uachane na gereji. Nami nikasema twende kwetu Wamaza, kuna hewa nzuri. Ni mimi niliyesema. Mwaka mzima huu nimetafuta mtu mwingine wa kumtwika neno hilo, sikumpata.

Gereji ulimwachia Pitchou, mwana wetu, nasi tukapanda kwenda Wamaza. Kule kwetu hukujua mikono yako uiweke wapi. Ulitengeneza mlango, paa, mipini ya majembe ya mtaa mzima, na miezi miwili haikuisha ukaanza kugombana na kuku. Ndipo mdogo wangu Clovis akaja uani, akakutazama, akacheka.

"Shemeji, weye utakufa na kukaa. Kuya twende pori."

Ulimzidi miaka kumi na mitano, naye alikuzidi kila kitu kingine cha msituni. Siku ya kwanza ulitoka na salopeti yako, ile ovaroli ya gereji. Clovis akakurudisha toka mlangoni.

"Mboloko itasikia harufu ya esanse yako weye ungali unafunga viatu. Kaoge mutoni siku tatu, bila sabuni. Kisha utaniita."

Mboloko ni yule paa mdogo wa msituni kwetu, asiyefika gotini, mwenye masikio kuliko mwili. Wewe uliyekuwa na kelele za pikipiki kichwani miaka thelathini, ukaambiwa ukae chini ya mti, usikohoe, usipige mbu, usiulize saa. Uliweza robo saa. Ulirudi unatukana siafu, na mimi nikakupa sombe, majani ya muhogo ya kila siku, na ugali. Kesho yake sombe, keshokutwa sombe. Watu wakakuita Mwindaji wa Sombe, na jina likakushika mpaka sokoni.

Sheria ya kwanza aliyokufundisha Clovis ilikuwa ya majani. Anayeingia msituni mbele huweka tawi la majani mabichi pale njia panda ya kijito, shina limeelekea upande aliokwenda. Akitoka, huliondoa. Atakayekuja nyuma yake akilikuta, hafuati upande ule: anatafuta pengine au anarudi nyumbani. Hiyo ni sheria ya watu wa huku, na watoto wetu wanaijua kabla hawajajua Baba Yetu.

Kuweka uliweza. Kuondoa ulikuwa unasahau. Ulikuwa unatoka na njaa na hasira ya kukosa, unayapita majani yako kama hujawahi kuyaona. Clovis aliyaondoa nyuma yako mwaka mzima, na jioni alikutania mbele ya watu: "Mwindaji wa Sombe angali anawinda! Majani yake iko njiani, lakini yeye iko hapa anakula!" Tulicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Sheria ya pili ilikuwa ya kuita. Mtu anabana pua kwa vidole viwili na kutoa sauti nyembamba ya mboloko anayelia, kisha ananyamaza kwa muda mrefu, kisha anaita tena. Ulijifunzia uani, mbuzi wakageuza vichwa, Carine mtoto wetu wa mwisho akaanguka kwa kicheko. Na sheria ya tatu Clovis aliisema mara nyingi mpaka tukaijua sote jikoni: "Sauti haina nyama, shemeji. Mutu anapigaka kile anaona. Ngoja uone macho."

Mwaka na miezi miwili ulikaa chini ya miti bila kupata kitu. Halafu siku moja ulirudi na mboloko begani, na hukupiga kelele. Ulimweka chini mbele ya mlango wa mama yangu, kwa sababu kwetu mwindaji haonji nyama yake ya kwanza: kidari ni cha aliyemfundisha, kilichobaki ni cha wakwe. Clovis alikula kidari, na wewe ulikula sombe, ukitabasamu. Nilijua siku ile kwamba nina mume mwingine.

Kweli ulikuwa mwingine. Ulianza kukaa chini kula. Maharagwe ulisubiri mpaka nikuite. Carine alikueleza ndoto zake za usiku, zile ndefu zisizo na mwisho, na hukumkatiza. Grâce alikuja na mtoto wake mchanga mwenye homa, ukambeba mchana kutwa bila kumwachia mtu mwingine. Niliolewa nawe miaka thelathini na moja, Baba Grâce, na miaka mitatu ya mwisho ndiyo niliyokaa na mtu anayesikia. Mitatu tu. Wengine wanapewa yote.

Na Pitchou anasema niseme hili. Mlikuwa hamsemezani tangu ulipomrushia spana mbele ya wateja. Ulishuka Kasongo bila kumwambia mtu. Ulikuta gereji imejaa, ukaketi juu ya rimu kuukuu karibu na duka la rafiki yako Faradji, ukangoja. Faradji alikuletea chai mara mbili. Anasema alidhani unaumwa, kwa sababu hajapata kukuona umekaa saa tatu mahali pamoja. Pitchou alipomaliza mteja wa mwisho, ulisimama ukamwambia, "Nilikukosea, mwanangu." Pitchou hajui kulisimulia bila kuondoka kwenda nje.

Sasa nifike siku yenyewe, maana watu wanaisema vibaya sokoni na heri waisikie kwangu.

Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, jua kali. Ulikunywa chai, ukachukua gobore lako, ukaniambia unakwenda upande wa kijito. Clovis hakuwako; alikuwa Lusangi majuma mawili, kwenye machimbo ya dhahabu. Alirudi asubuhi ile ile, akachukua bunduki yake na kuingia msituni kabla hata ya kunisalimia. Nyumba yake na yetu haziachani mbali. Angepita tu kuuliza, "Dada, muko salama?", ningemwambia uko wapi.

Alifika njia panda na akayaona majani. Mimi sikulizua, alisema mwenyewe mbele ya wazee, amepiga magoti, na mimi nimeketi karibu kama mnavyonisikia sasa.

"Niliyaona. Yalikuwa yamenyauka na jua. Nikazani ni ya jana. Nikasema, shemeji amesahau kuyatoa, kama zamani."

Kama zamani! Ilikuwa zaidi ya miaka mitatu tangu usahau mara ya mwisho. Kila mtu alikwisha kukuona umegeuka: mke, watoto, Faradji, hata padri. Aliyekufundisha ndiye peke yake aliyeendelea kumwona yule Mwindaji wa Sombe. Ulikuwa umeyaweka vizuri, Baba Grâce, shina limeelekea ulikokwenda. Ulifanya kama alivyokuambia.

Akafuata njia ile. Akasikia mboloko analia kwenye kichaka, ananyamaza kwa muda mrefu, analia tena. Aliwaambia wazee kwamba hajapata kusikia mtu anayeita vizuri vile, ndiyo sababu hakuwaza kwamba ni mtu. Hakungoja aone macho. Aliipiga sauti kwa risasi, na sauti ilikuwa yako.

Wakubwa wa dola wameandika kwamba ni bahati mbaya, na wazee wamekata shauri lao. Clovis alitoa bunduki yake, hajaingia tena msituni, amekonda mpaka shati linamning'inia. Mimi sikatai kwamba hakukusudia. Nimelala na neno hilo mwaka mzima, na halijanipa usingizi.

Lakini kuna jambo linalonichoma kuliko risasi. Hukufa pale pale. Kabla watu hawajafika na kipoyi, mlikuwa wawili tu, wewe na yeye. Maneno yako ya mwisho anayo Clovis. Mimi niliyekufulia salopeti miaka yote, nimelazimika kwenda kuyaomba kwake kama mtu anayeomba chumvi. Naye amesema ulimshika mkono ukamwambia, "Haina neno, shemeji. Usikimbie. Niko hapa."

Ningependa sana kusema anadanganya. Ungekuwa bado Fundi Magloire wa gereji, ningemtemea mate na kumwambia mume wangu hakuwa mtu wa maneno hayo. Mume wangu angekutukana wewe, Clovis, na ukoo wako wote mpaka roho imtoke. Ndivyo ningemjibu, na nusu ya Kasongo ingenishuhudia. Sasa nimjibu nini? Yule aliyengoja saa tatu juu ya rimu angeweza kuyasema. Ulijifunza kusubiri, ukaharibu ushahidi wangu. Nina hasira nawe pia kwa hilo, usidhani sina.

Juma lililopita mjomba wangu Heri alikuja na fimbo yake, akaketi, akanywa maji, akatoa neno lake.

"Apolline, mwaka umeisha. Clovis ni mutoto wa mama yako. Anaomba muweke jina lake kati ya wale wanamukumbuka shemeji yake. Jina tu. Ukimutoa, watu watasema ukoo umepasuka."

"Ukoo ulipasuka siku ile, mjomba. Mimi sikuupasua."

"Na marehemu alimusamehe."

"Alimusamehe ya kwake. Yeye aliumia saa moja. Mimi niko naumia mpaka leo."

Mzee alishika fimbo yake, akasimama. Akasema nifikiri. Nimefikiri, mjomba, na kila mtu nyumbani amenipa shauri lake. Grâce anataka liwekwe, kwa ajili ya bibi yake, mama yangu, ambaye amezeeka na hawezi kuchagua kati ya mwana na mkwe. Carine analia tu. Pitchou amesema likiwekwa la Clovis, lake litolewe. Nililiandika, nikalifuta. Nikaliandika tena, karatasi ikatoboka, ikabidi nianze upya yote haya mnayosikia.

Misa yako itasomwa Jumamosi asubuhi, Wamaza, kisha tutakwenda kaburini kupanda msalaba wa saruji ambao Pitchou ameuleta kwa pikipiki toka Kasongo, ameufunga mgongoni kama mtoto. Baada yake kutakuwa na chakula nyumbani kwetu. Nyama ya msituni haitapikwa, msije mkaingojea. Wote mliompenda karibuni. Clovis akija kanisani, mtu asimzuie mlangoni, maana kanisa si langu. Ila kwenye benchi langu asiketi.

Wanaokukumbuka ni hawa: mimi mke wako Apolline, watoto wako Grâce, Pitchou na Carine, mjukuu wako uliyembeba na homa yake, mkwe wako aliyemwoa Grâce, mama yangu, dada yako Dieudonnée wa Kasongo pamoja na wanawe, mjomba Heri, na rafiki yako Faradji na nyumba yake, ambao wamekusomea dua kwa njia yao.

Jina la Clovis halimo. Wazee wakiuliza nani amelitoa, ni mimi, dada yake wa tumbo moja. Najua naye anakukumbuka, labda kila akifumba macho, na hilo siwezi kumnyang'anya. Akukumbukie kwake.

Sisi wa nyumba hii hatutakusahau, Baba Grâce, mpaka siku tutakapokufuata.