Kiini cha Yai, Kiini cha Atomu

Goma, mtaa wa Majengo,
Tarehe 8 Juni 2024

Mpendwa Yaya Buhendwa, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Lubumbashi? Shemeji Généreuse na watoto wanaendeleaje? Baridi ya mwezi wa sita imekwisha kuanza kwenu, na najua kifua chako hakipatani nayo, kwa hiyo tafadhali vaa ile sweta hata kama wenzako wa kazini wanakucheka.

Sisi huku ni wazima. Goti la Mama limepata nafuu, amerudi kuuza vitambaa vyake soko la Birere, na anakuulizia kila Jumapili baada ya misa.

Najua nimekukalia kimya mwaka mzima. Barua yako ya mwisho ilikuja na fomu za kujiandikisha masomo ya uhasibu. Ulinishauri kwa upole niache kemia, kwa kuwa aliyeanguka mara moja haoni aibu kubadilisha njia. Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma, Yaya. Jibu baya sikuweza kukupa, na zuri sikuwa nalo. Leo ninalo.

Kwanza nikueleze nilivyoanguka, maana sikumweleza mtu. Unajua kwamba mwisho wa masomo yetu ya ualimu kila mmoja hufundisha somo moja mbele ya mkaguzi, na somo hilo ndilo linaloamua. Mimi nilipata atomu. Nilifundisha kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa, lakini nilipoona macho ya wanafunzi yamelala nikaongeza kwa Kiswahili: noyau ni kiini, kama kile cha yai. Mkaguzi, Muzee Kataliko, akamwita msichana mmoja, Deborah, achore atomu. Akachora yai zuri sana, na kiini kimejaza nusu yake. Muzee akaandika: «Somo limevurugika.» Neno moja la jikoni, na mwaka wangu ukaisha.

Niliona haya kwa miezi mingi. Nilikuwa nafungua vitabu ili nijiadhibu tu, nikasoma historia yote ya atomu tangu mwanzo. Na humo, Yaya, nikakuta kwamba kila mtu aliyeichora alikosea.

Wagiriki wa kale walisema ni kitu kisichogawanyika, na kwa miaka elfu mbili karibu hakuna aliyewasikiliza. Kisha Dalton, Mwingereza, akaichora kama kigololi kigumu. Thomson akagundua kwamba ndani yake mna elektroni, akaichora kama bonge lililochomekwa vitu vidogo, tuseme bugali yenye maharage ndani. Rutherford, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaufuta mchoro huo. Bohr, aliyepita mikononi mwa Rutherford, naye akaurekebisha ule wa mwalimu wake. Hakuna aliyeambiwa aende akasome uhasibu.

Nilirudia mwaka, na mwezi uliopita tulichagua vikaratasi vya masomo ya mtihani. Nilipofungua changu nikakuta tena: atomu. Wenzangu walinishika bega kama mtu aliyefiwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua nitaanzia wapi.

Darasa lilikuwa lile lile, limepanda mwaka mmoja, na Muzee Kataliko alikaa nyuma na kalamu yake. Nilimwomba ruhusa ya kutumia Kiswahili pale nitakapokihitaji. Akainua mabega tu. Nikamwita Deborah achore lile yai lake tena. Darasa likacheka.

«Ni ninyi mulisema yai, Madame,» akanijibu, amekasirika kidogo.

Nikakubali mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha nikawaeleza jaribio la Rutherford: walirusha chembe ndogo mno kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Karibu zote zikapita moja kwa moja. Chache sana, moja katika maelfu, zikarudi nyuma. Nikauliza: kama kiini ni kikubwa kama cha Deborah, ingekuwaje?

Guylain, mwanafunzi ambaye mzaha wake hauishi, akasema, «Nyingi zingemurudilia ule mwenye kuzirusha, mu macho. Deborah alituchorea omelette.»

Deborah aligeukia ubao. Alichukua kitambaa akaanza kukifuta kiini pembeni, kidogo kidogo. Darasa likawa linamwambia, «Bado. Bado.» Akafuta mpaka kikabaki kitone, na bado wakakataa. Yaya, nilisimama kando tu. Walikuwa wanaifanya wenyewe kazi ya Rutherford ya mwaka 1911.

Ubao ulipokuwa hautoshi tena nikawatoa nje. Nikaweka punje moja ya mtama katikati ya uwanja wa shule: hicho ndicho kiini. Nikawatuma wasimame hatua arobaini kila upande: huko ndiko elektroni za nje zinakoishia, na katikati yote ni utupu. Nikawaambia pia kwamba elektroni hazikai mahali kama walivyosimama wao. Siku hizi tunazichora kama wingu, na huenda mmoja wao atalifuta wingu hilo.

Muzee Kataliko alikuja na viatu vyake vyeusi, akainama. «Iko wapi sasa?»

«Njo vile, Muzee,» Deborah akamthibitishia kwa kelele kutoka ukuta wa uwanja. «Haionekane.»

Alitafuta muda mrefu, kisha akacheka. Alinipa kumi na saba kwa ishirini, na chini yake akaandika kwamba neno la Kiswahili lilisaidia kuondoa kosa ambalo Kifaransa cha kukariri kilikuwa kinalificha.

Mkuu wa shule amenipa darasa kuanzia Septemba. Fomu zako nimezitunza vizuri. Nampa binti wa jirani yetu Nyiramahirwe, anayependa hesabu kweli. Usiudhike nami. Uliogopa nisiumie, na niliumia, na nimefika.

Nisalimie Shemeji Généreuse, watoto wote, na Mama mkubwa akiwapigia simu. Mama anakukumbatia. Mungu akulinde kazini, na akufikishe tena Goma uje ukae nyuma ya darasa langu.

Mdogo wako akupendaye daima, na anayeandika neno hili kwa mara ya kwanza,

Mwalimu Gisèle Munguakonkwa